Siku Tunazodaiwa na Wageni

Katekista wetu hakuwa mtu wa kuamkia watu kwa habari za asubuhi. Alikuwa akipita na jembe lake begani, akikukuta umeinama unafagia uwanja anasimama, anakutazama kwa lile jicho lake la kushoto lenye makengeza, kisha anakuuliza, "Unanidai?" Ukisema humdai anaendelea na safari yake akinung'unika. Ukisema unamdai anacheka, na siku yake inakuwa imeanza vizuri.

Mgeni angedhani ni habari ya mikopo. Kumbe alikuwa akiuliza siku. Huku kwetu, kwenye vilima vya kati ya Butiama na Bunda, shamba halilimwi na mtu mmoja. Unaalika majirani, unawapikia ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vya ziwani, unawawekea togwa, nao wanakulimia mpaka jua liwe kali. Tunaiita risaga. Hakuna anayelipwa. Ila kila aliyeshika jembe kwako, nawe utashika jembe kwake, na ukifa kabla hujarudisha, watoto wako watarudisha. Watu wanaodaiana siku hawawezi kuachana hata wakigombana, maana palizi ikifika watatafutana tu.

Neno baya kuliko yote katika risaga ni "sikudai". Hilo halisemwi kwa hasira, husemwa kwa upole, na ndiyo maana linaua. Huambiwa mtu ambaye watu wamechoka naye, mlevi aliyepindukia, mgomvi, au mtu aliyeishiwa nguvu kiasi kwamba hata siku yake ikirudishwa haifai kitu. Ukiambiwa hivyo ujue umeshatolewa kwenye hesabu ya majirani. Nyumba yako ikivuja ni yako, shamba lako likiota magugu ni lako. Katekista alikuwa akisema kwamba afadhali mtu amtukane mama yake mzazi kuliko kumwambia neno hilo.

Nisimpambe sana. Alikuwa na vituko. Alikuwa mtu wa dini anayesinzia sala zikiongozwa na mwingine, na akiongoza yeye mnapiga magoti mpaka miguu inakufa ganzi. Aliimba kwa sauti kubwa na mbaya. Miaka ile ya shida, sukari ikipatikana kwa kujuana tu, alikuwa na mkebe wake alioufunga kwa kamba na kuuficha nyuma ya sanduku la mavazi ya misa, na hata padri alikunywa chai isiyo na sukari huku mkebe uko umbali wa mkono. Mchoyo wa sukari, lakini mgongo wake ulikuwa mali ya kijiji kizima. Mtu akiugua wakati wa kupanda, Katekista anafika shambani kwake kabla ya wenye nyumba hawajaamka. Na usijaribu kumsaidia. Niliwahi kumpokea mzigo wa kuni njiani, nikiwa binti mdogo. Kesho yake alikuja kisimani akachukua ndoo yangu ya maji akaibeba hadi nyumbani, mbele za watu, mwanamume mzima mwenye mvi. Mama aliona aibu wiki nzima.

Wageni walikuja katika miaka hiyo hiyo ya shida, wakati sisi tunafua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Walikuwa vijana wa Kizungu, wavulana kwa wasichana, na walikuja kwa miguu kutoka Musoma, wamebeba mizigo mikubwa mgongoni, ilhali parokia ilikuwa na Landirova. Hilo lilitushangaza kuliko rangi yao. Walikuwa wamepita Butiama, wakapanda vilima visivyo na faida yoyote kuvipanda, wakashuka kwetu wamebabuka pua. Padri alitueleza kwamba wamekuja kutembea na kujitolea, na kwamba watatujengea zahanati ya mama na mtoto.

Na kweli walijenga. Sijawahi kuona watu wanaochapa kazi vile bila kusimamiwa. Walibeba mawe, walikoroga saruji kwa koleo, mikono ikawatoka malengelenge, wakala ugali wetu na wakaugua matumbo na wakarudi kazini. Sisi tuliwachotea maji na kuwasogezea mchanga. Ukuta ulipofika kwenye linta, juu ya madirisha, saruji ikaisha, na nyingine ilitaka kibali, na kibali kilitaka mtu wa kukaa mlangoni kwa mkubwa mwezi mzima. Muda wao ukaisha pia. Siku ya kuondoka, kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu alitoa karatasi mfukoni akatusomea kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Asanteni sana. Na ninyi karibuni kwetu."

Tulipiga makofi na vigelegele. Katekista hakupiga. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepewa kazi. Wageni walipopotea kwenye njia ya Bunda alimgeukia padri akamuuliza, "Kwao wanalimaga mwezi gani?"

Padri alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alimweleza taratibu kwamba wale walikuja kwa moyo tu, kwamba hawataki kurudishiwa chochote. Katekista alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo baadaye tuliyacheka sana, ingawa mimi siku hizi siyacheki tena.

"Padri, mtu anayekufanyia kazi halafu hataki umfanyie, huyo anakuonaje?"

Hapo ndipo lilipoanza lile kundi letu la vijana wa kwenda Ulaya. Katekista alituchagua mwenyewe baada ya misa, wale aliotuona tuna migongo mizuri. Nilikuwemo mimi, na Magesa, mtoto wa jirani yetu, na wengine wachache. Shida yake kubwa haikuwa nauli. Alichohofia ni kufika kwao bila adabu. Aliwaza hivi, wale waliacha gari wakatembea kwanza ndipo wakashika kazi, basi kwao hiyo ndiyo heshima, mtu haendi risaga ya mwenzake akiwa amepanda gari. Kwa hiyo na sisi lazima tujue kutembea.

Tulitembezwa. Tulibebeshwa magunia yenye mawe mgongoni, tukatoka kijijini mpaka Butiama, tukapita chini ya kilima cha Mwitongo ambako watu walitoka kwenye kaya zao kutuuliza tunakwenda kumzika nani, tukafika Musoma na kulala kwa binamu yake, mtaa wa Kigera, chini, mstari mmoja kama dagaa. Tukishaamka tunaelekea Bunda, na kutoka Bunda tunapanda nyumbani. Vilima vyote vilivyopandwa na wageni tulivipanda. Huko juu hapakuwa na kitu. Magesa aliwahi kumuuliza tunatafuta nini. Katekista, akihema, alimwambia kwamba hata yeye hajui, lakini wenye kazi yao wanajua.

Njiani alitufundisha Kiingereza. Alikuwa na kitabu cha shule kilichokosa jalada na kurasa za mwanzo, akakisoma peke yake ng'ombe wakinywa maji. Kilikuwa Kiingereza cha shambani: tumekuja kufanya kazi, jembe liko wapi, tuonyesheni mwisho wa shamba lenu. Baadaye, nilipofika sekondari, mwalimu alishangaa kwamba nayajua majina yote ya vifaa vya kilimo lakini sijui kuomba ruhusa ya kutoka nje.

Ofisini Musoma walikuwa wakimjua kwa sura. Kwanza alikuwa amepita kwa balozi wa nyumba kumi, kwa katibu kata, kwa wilaya, na kila mmoja alimsogeza kwa mwenzake ili amwondoe mlangoni kwake. Mara moja nilimsindikiza. Afisa wa pasi za kusafiria alikuwa kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi mstari wa kukata nyanya. Akamuuliza safari ni ya nini. Katekista akasema ni ya kulima. Kulima wapi? Ulaya. Ameajiriwa na nani? Hakuajiriwa, anadaiwa. Yule kijana aliita wenzake wa chumba cha pili waje wasikie. Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi, na sikuwa na ubaya nao sana, maana wakati huo nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia hata dawa za malaria, na hapa kuna mzee mwenye viatu vya matairi anataka kupeleka vijana wakapalilie Ulaya. Katekista aliwaacha wamalize. Kisha akawauliza arudi lini.

Alirudi mara nyingi, na safari mojawapo ilitoka shambani kwetu. Baba yangu alikuwa kitandani mwaka ule, naye mama akaita risaga ya kulima shamba la mtama. Katekista alifika wa kwanza, akachukua mstari wa pembeni wenye mawe ambao wengine waliukwepa. Kabla ya saa sita mtu alikuja na baiskeli kusema kwamba mkubwa wa pale ofisini amerudi kutoka Dar es Salaam. Katekista alisimama katikati ya mstari. Niliona jinsi alivyokuwa akivutwa huku na huku. Mwisho akamwambia mama, "Mama Nyangeta, nitakuja kumalizia," akaondoka. Huko alikuta mkubwa amepita tu na kuendelea na safari.

Kipande kile hakukimalizia. Kila msimu lilitokea jambo. Lakini tangu hapo, kila akipita kwetu na kuuliza kama anadaiwa, mama alimjibu, "Nakudai nusu siku, Katekista," naye anacheka na kuondoka mwepesi. Mimi nilidhani mama anamkumbusha. Nilichelewa sana kuelewa kwamba alikuwa akimpa kitu.

Kuna jambo lake moja ambalo kijiji kilishindwa kulisamehe. Majembe yalikuwa hayapatikani. Watu walilimia vipande vilivyolika mpaka karibu na mpini. Katekista, kwa njia anazozijua yeye, kidogo kidogo, alikuwa amekusanya majembe mapya na kuyafunga kwenye gunia ndani ya kigango, kanisa letu dogo. Yalikuwa ya Ulaya. Alisema huwezi kwenda kwa mtu na jembe bovu. Ulipokuja ule msako wa walanguzi, mgambo walipekua kila mahali hata kanisani, wakayakuta. Walimfunga kamba wakampeleka Bunda pamoja na waliokutwa na khanga na sabuni. Alipoulizwa majembe yale alikuwa anamuuzia nani alisema ukweli, na ukweli wake ukamchelewesha zaidi, maana walidhani anawafanyia dharau. Alirudi amekonda, na majembe hayakurudi. Watu hawakumhurumia. Uchungu wao pia uliniuma, kwa sababu walikuwa na haki: sisi tunakwaruza ardhi kwa makucha, na majembe mapya yanalala kanisani yakiwasubiri Wazungu.

Na muda wote huo ukuta ulikuwa pale, hauna paa. Mbuzi walilala ndani. Watu walianza kusema waezeke hata kwa nyasi, nesi wa kliniki apate mahali pa kukaa akija. Katekista ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na alikataa. Hapo napo palikuwa na mila nyuma yake: huiti risaga ya pili juu ya kazi ileile kabla hujawarudishia wa kwanza. Ukifanya hivyo umewaambia wale wa kwanza kwamba mikono yao haikuwa kitu.

Kisha binti yake wa mwisho akashikwa na uchungu.

Alikuwa ameolewa kijijini hapohapo. Mtoto alikaa vibaya. Walimbeba kwa machela kuelekea hospitali ya Butiama, Magesa akiwa mmoja wa wabebaji, na njia ilipita mbele ya ukuta ule. Magesa aliniambia kwamba binti aligeuza kichwa akautazama mpaka walipoupita. Alifia njiani, kabla ya kufika barabara kubwa, na mtoto naye. Waligeuza machela wakarudi njia ileile.

Sote tulingoja kuona kwamba sasa atalegea. Matanga yalipokwisha alichukua fimbo yake akaenda Musoma, ofisini, kwa yule kijana wa suruali ya mstari. Nilimchukia siku ile. Nasema wazi, nilimchukia. Nilitaka alie kama watu wengine, apande juu ya ukuta ule na mafungu ya nyasi, aezeke kwa meno yake. Mkewe hakumsemesha muda mrefu, na sidhani kama waliwahi kupatana vizuri tena. Aliacha hata kumpikia, na Katekista akawa anajipikia ugali mbichimbichi nyuma ya kigango.

Kijiji kilimvua uenyekiti. Mwenyekiti mpya alikuwa mtu wa vitendo. Alitangaza siku ya kuezeka, nyasi zikakatwa, ng'ombe dume akachinjwa. Siku yenyewe watu wachache walikuja, wakachelewa, wakasimama chini wakiutazama ukuta. Mmoja alikumbuka ana mgonjwa. Mwingine ng'ombe wake walikuwa wamepotea. Nyama ililiwa yote, lakini hakuna aliyepanda. Ndipo nilipojua kwamba tulimwita Katekista mwendawazimu kwa sababu alikuwa akisema kwa sauti jambo ambalo sisi tulikuwa nalo tumboni. Tulikuwa tunadaiwa na watu tusiojua wanakoishi, na tuliona aibu.

Miaka ikabadilika. Biashara ikafunguliwa, maduka ya Bunda yakajaa mabati na sabuni za kila rangi, na mifuko yetu ikabaki vilevile, hata zaidi, maana pamba ilikuwa inachukuliwa na malipo hayaji. Kundi la Ulaya lilitawanyika. Magesa alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu akarudi na kikohozi. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa Musoma, nikawa nauza mitumba Mwisenge, mashati ya hao hao Wazungu. Wakati mwingine nilinyanyua shati kwenye robota, nikajiuliza kama ni la yule wa ndevu nyekundu. Tulikuwa tumeshindwa kumfikia, lakini nguo zake zimetufikia.

Siku moja, mawingu ya masika yakianza kukusanyika upande wa ziwa, niliona kundi la vijana wa Kizungu likipita mbele ya kibanda changu kwa miguu, na mizigo mikubwa mgongoni. Siku chache baadaye alikuja Magesa, akikohoa. Alisema wageni wako kijijini, wamekuja na mabati, wataezeka wenyewe bila kumwita mtu. Halafu akasema, "Katekista anakuitaga tangu juzi. Anasema Kiingereza chako kinatakiwa."

Nilimkuta kambini kwa wageni, pembeni ya ukuta. Sikuwa nimemwona muda mrefu. Alikuwa amebaki mifupa na jicho moja linaloona, na lilikuwa lile la makengeza. Alikuwa analima. Mahema yalipigwa mahali pa mteremko, mvua ikinyesha maji yangeingia yote ndani, naye alikuwa anachimba mfereji kuzunguka kila hema, polepole, pigo moja na kupumzika, pigo moja na kupumzika. Mkewe alikuwa amekaa kwa mbali na sufuria ya uji. Hakuwa akimtazama, lakini alikuwa amepika.

Magesa alinieleza mzee alivyofikiri. Ulaya imemshinda. Lakini mtu anapolala ndipo kwake, na wageni wamelala hapa, basi hapa ni kwao. Atawalimia kwao.

Wale vijana walikuwa wanahangaika. Mara mmoja anajaribu kumpokea jembe, mara mwingine anamletea kiti. Walimpa maji akanywa, wakampa biskuti akala, kwa sababu mwenye risaga hulisha watu wake. Jembe hakulitoa. Alipomaliza hema la mwisho jua lilikuwa limeshapanda sana. Alisimama, akanishika bega ili asianguke, akaniambia niwaite.

"Waambie, mama. Waambie hii ni siku moja. Wenzao walitufanyiaga siku nyingi, najua, na mimi nimezeeka. Waambie hizo nyingine vijana wangu watazirudisha. Wakikubali, ndiyo wapande juu waezeke."

Nilieleza kadiri nilivyoweza, habari ya risaga, habari ya wale wa kwanza na yule wa ndevu nyekundu. Kiongozi wao alikuwa binti mrefu, mwenye uso mwema. Alisikiliza na macho yakamjaa machozi. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ya polepole ili nielewe vizuri kwamba nimwambie mzee hawamdai. Hawamdai chochote. Hakuna aliyewahi kumdai, wala hakuna atakayemdai.

Kwa upole wote, kutoka moyoni kabisa. Nilimchukia kwa dakika ile, na hakuwa na kosa.

"Amesemaje?" Katekista akauliza.

Nikasema, "Anasema siku moja haitoshi, Baba. Anasema kazi yao ni kubwa. Urudi na kesho."

Alinitazama kwa lile jicho. Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu. "Mwanangu," akasema, "hicho Kiingereza nilikisoma mimi kwanza, ndipo nikakufundisha wewe."

Aliokota majani makavu, akafuta udongo kwenye jembe, huku na huku, kama afanyavyo mtu aliyemaliza kazi. Kisha akasema, "Waambie waezeke." Akaenda kukaa kwenye jiwe, mgongo wake ukielekea ukuta. Wale vijana walishangilia, wakapanda. Nyundo zilianza. Kila bati lilipogongwa niliona mabega yake yakipokea. Zahanati ambayo binti yake aliikosa ilikuwa inapata paa, jambo tulilolilia miaka yote hiyo, na sijawahi kusikia kelele iliyoniumiza vile.

Nilikwenda nikakaa karibu naye. Mkewe alileta uji, akauweka chini, akarudi alikokuwa. Katekista hakuugusa. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Na wewe, Nyangeta," akasema mwisho, "unanidai?"

Hakuniuliza kwa ile sauti yake ya njiani. Aliuliza kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Mama anakudai," nikamwambia. "Nusu siku. Ule mstari wa mawe, mwaka aliougua baba."

"Bado ananidai?"

"Anakudai."

Akalivuta lile bakuli la uji akanywa.

Alikuja kwetu Jumatatu. Mama alimwona tangu mbali akishuka kilima, akaweka sufuria ya ugali jikoni kama anapikia watu wa risaga nzima. Hakumwambia pumzika, hakumwambia mzee jembe hili ni zito, na mimi nilipoinuka kwenda kumpokea alinishika gauni nikakaa. Katekista alianza palepale alipokuwa ameachia. Alilima kipande kisichozidi kitanda, mpaka mchana, akala, akamwambia mama kwamba bado kidogo, atakuja kumalizia. Mama akamwambia, "Nakungoja."

Alifariki kabla palizi haijaisha. Watu walijaa, wakapokezana kuchimba kaburi bila kuitwa. Msimu uliofuata nilikwenda nyumbani nikakuta shamba zima limelimwa, isipokuwa kipande chembamba cha pembeni chenye mawe, magugu yamefika kiunoni. Nilichukua jembe. Mama alinikataza. Alisema kile si chetu kukilima, kina mtu wake, na bado anamdai.